Msako, Ulinzi Shirikishi, Nyumba Kumi: Tunajuaje Kipi Kinapunguza Uhalifu?

Kila kundi la vijana wenye mapanga linapovamia mtaa, mabishano huwa yale yale. Septemba 2022, panya road walipotia watu hofu Dar es Salaam, haikupita wiki kila dawa ikawa imetajwa: msako wa usiku, ulinzi shirikishi ufufuliwe, kila kata iwe na mkaguzi wake wa polisi, wazazi wabanwe, vijana wapewe kazi. Kenya mambo yalikuwa hivyo hivyo. Magaidi walipoua watu 67 katika jengo la Westgate Septemba 2013, mwaka haukuisha serikali ikawa imetangaza Nyumba Kumi, mpango wa majirani kufahamiana, kulindana na kutoa taarifa. Na kila aliyetetea dawa yake alikuwa na mfano: kwetu Shinyanga sungusungu walimaliza wizi wa ng'ombe, mtaani kwetu tulipoanza kutoa mchango wa walinzi kibaka hakukanyaga tena. Anayethubutu kuuliza "tunajuaje kwamba ndiyo sababu?" huonekana anawatetea wezi.

Swali hilo lina majibu, tena mengine yana miaka hamsini. Watafiti wamezichukua mbinu hizi moja moja na kuzipima kama madaktari wanavyopima dawa. Baadhi ya majibu yanaudhi, kwa sababu yanagusa mambo ambayo wengi wetu tunayaona ya wazi kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kwenye semina na ripoti za usalama utasikia sana "mbinu bora". Mara nyingi maana yake ni hii tu: mahali fulani walifanya jambo fulani, na waliolifanya wanaamini lilisaidia. Hiyo ni imani, na inaweza kuwa sahihi, lakini bado si ushahidi. Ushahidi unahitaji kitu cha ziada, nacho ni mahali pa kulinganishia: mitaa inayofanana na ile iliyofanyiwa kazi, ila yenyewe iliachwa kama ilivyokuwa.

Kwa nini hilo ni lazima? Fikiria mafua. Ukinywa tangawizi na limau kwa wiki nzima utapona, na utaisifu tangawizi kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba asiyekunywa naye kapona wiki hiyo hiyo. Uhalifu una tabia hiyo: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Msako hautangazwi siku za utulivu. Unatangazwa mambo yakiwa yamechafuka, yaani karibu na kilele, na baada ya kilele hali hutulia kidogo hata kama hakuna aliyefanya lolote. Kisha kamanda anaita waandishi wa habari, anatoa takwimu za kabla na baada, na hasemi uongo. Takwimu ni za kweli, ila hazijibu swali.

Namna ya kulijibu ni kuchukua mitaa mingi inayofanana na kupiga kura, kama bahati nasibu, mitaa ipi ianze na ipi isubiri. Kura ina umuhimu wake. Ukiwaacha watu wajitokeze wenyewe, mtaa wa kwanza kujitokeza utakuwa ule wenye mwenyekiti mchapakazi na wakazi wanaojuana, na mtaa wa namna hiyo ungetulia hata bila mradi.

Jambo jingine ni unahesabu nini. Daftari la kituo cha polisi linahesabu waliofika kituoni. Mtu aliyepigwa atafika kwa sababu bila PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hospitali watamsumbua. Aliyeporwa pochi atafuata RB, namba ya taarifa aliyoiandikisha polisi, kwa sababu anataka kitambulisho kipya. Lakini mama lishe aliyeibiwa sufuria mbili, au binti aliyesumbuliwa njiani usiku? Wengi wao hawafiki. Kwa hiyo idadi ya kesi ikipungua, pengine wezi wamepungua, pengine wananchi wamekata tamaa. Ikiongezeka, inawezekana kabisa ni habari njema, kwamba watu wameanza kuamini wakiripoti watasikilizwa. Ndiyo maana watafiti makini hawaishii kwenye daftari. Wanagonga milango nyumba kwa nyumba na kuuliza: miezi michache iliyopita umeibiwa? Umepigwa? Uliripoti? Kwa nini hukuripoti?

Doria isiyo na mahali pa kwenda

Mwaka 1972 polisi wa Kansas City, Marekani, walikubali kufanya jambo ambalo wakuu wengi wa polisi hata leo wasingelithubutu. Doria ya magari ilikuwa ikimeza fedha na askari wengi, na hakuna aliyetilia shaka faida yake, kwa kuwa gari la polisi likipitapita mwizi anaogopa. Wakachukua maeneo 15 ya doria na kuyagawa mafungu matatu ya matano matano. Fungu la kwanza doria iliondolewa, gari likawa linaingia pale tu mtu anapopiga simu. La pili liliachwa kama kawaida. La tatu liliongezewa magari mara mbili hadi tatu. Hali ikaendelea hivyo mwaka mzima.

Mwishoni hawakuona tofauti ya maana. Wizi, uporaji, hofu ya wakazi, vyote vilikuwa karibu sawa kotekote, na sehemu kubwa ya wakazi hata hawakutambua kwamba kuna kitu kilibadilishwa mtaani kwao. Wapo walioyachukua matokeo hayo wakasema polisi hawana kazi. Hapana. Polisi waliendelea kuitika simu katika mafungu yote matatu. Kilichoonekana ni kwamba gari linalozunguka bila kujua linakwenda wapi halimtishi mtu. Tutalirudia hili, kwa sababu miaka ishirini baadaye jibu lake lilipatikana.

Jaribio la nchi sita

Utafiti unaotugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki ulichapishwa Novemba 2021 katika jarida la Science. Timu za watafiti zilikwenda Brazili, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na Uganda, zikashirikiana na polisi wa nchi hizo kupima polisi jamii kwa kura. Kwa mitaa iliyochaguliwa, polisi waliongeza mambo tunayoyajua vizuri: mikutano na wananchi, askari kutembea mitaani na kusalimiana na watu, njia za kupokea malalamiko, na utaratibu wa kuyashughulikia matatizo yaliyotajwa na wananchi wenyewe. Watu zaidi ya 18,000 walihojiwa. Wakasubiri, wakapima.

Imani kwa polisi haikupanda. Uhalifu haukupungua. Wananchi hawakuanza kutoa taarifa zaidi. Na hayo yalijirudia nchi baada ya nchi.

Hapa ni rahisi kurusha mikono na kusema polisi jamii ni porojo. Mimi nadhani kisa chenyewe kina faida zaidi kuliko hukumu hiyo, na faida iko kwenye sababu walizozikuta watafiti. Kwanza, wakuu waliozindua mpango kwa mbwembwe walikuwa na mambo mengine ya haraka, au wenyewe walibadilishwa, na aliyefuata hakuwa na habari nao. Pili, askari walihamishwa mara kwa mara. Tatu, hata askari aliyesikiliza vizuri hakuwa na kitu cha kufanyia kazi aliyoyasikia.

Ukiyaweka hayo katika mazingira yetu hayahitaji maelezo marefu. Watu wameitwa kwenye kikao cha usalama Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule, mabenchi yametolewa madarasani. Mwenyekiti wa mtaa anamkaribisha afande wa kata. Mama mmoja ananyanyuka: lile jumba bovu nyuma ya soko, vijana wanalala humo, jioni hakupitiki. Mzee anafuatia: taa ya njia panda imeungua tangu mwezi wa Ramadhani. Afande anaandika kila kitu kwenye daftari, tena kwa adabu. Kikao kijacho kinaitwa baada ya miezi mitatu, afande ni mwingine, daftari lilikwenda na yule wa kwanza. Jumba bovu si mali ya polisi, ni la mtu binafsi mwenye kesi ya mirathi. Taa si ya polisi, ni ya halmashauri. Mama yule hatakwenda kikao cha tatu. Kikao kimemfundisha jambo moja tu, kwamba kusema hakusaidii, na pengine kabla ya hapo alikuwa bado na matumaini.

Kwa hiyo mkutano peke yake ni nusu ya mbinu. Nusu ya pili, ile ya mtu mwenye uwezo wa kumaliza jambo lililotajwa, ndiyo iliyokosekana katika majaribio hayo.

Haki itendeke: si kila jaribio lilitoka mikono mitupu. Liberia vijijini, watafiti walipima mpango ambao askari wenye mafunzo mazuri walikuwa wakirudi mara kwa mara katika vijiji vilevile vya mbali, wakae, wazungumze, waeleze sheria. Watu walizielewa sheria zaidi, baadhi ya makosa kama kupigana na ukatili wa majumbani yakapungua. Ila imani kwa serikali haikupanda hata hapo. Watu wanaweza kuitumia huduma bila kumpenda mtoaji wake.

Na Nyumba Kumi je? Jina lina historia ndefu kuliko matumizi yake ya sasa. Tanzania mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulijengwa na TANU miaka ya 1960, ukiwa mkono wa chama hadi mlangoni kwa mtu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi alibaki wa CCM, shughuli za serikali zikawa za mtaa na kitongoji, ingawa hadi leo wapo wazee wanaokwenda kwa balozi kwanza mgeni akiingia. Kenya ililichukua jina na wazo mwaka 2013 bila historia hiyo, ikalipeleka hadi kwenye maghorofa ya Nairobi ambako jirani wa mlango wa pili humjui hata jina. Uganda nayo, kuelekea uchaguzi wa 2016, iliandikisha raia wengi sana kuwa wasaidizi wa polisi wa kuzuia uhalifu, hadi mashirika ya haki za binadamu yakataka mpango usimamishwe kwa madai kwamba walikuwa wanatumika kisiasa. Hatari hii ipo popote ambapo jirani anapewa kazi ya kumtazama jirani: kabla hujauliza kama mwizi ataogopa, uliza taarifa zinakwenda kwa nani.

Sungusungu nao wana sura mbili. Walianza wenyewe Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wakiibwa na dola ikiwa mbali, na wengi wanashuhudia kwamba wizi ulipungua. Lakini walikuwa na kitu ambacho kikao cha uwanja wa shule hakina: walikwenda kufuatilia nyayo usiku huo huo. Walikuwa pia na viboko, na vikongwe walioshukiwa uchawi walikiona cha moto. Anayetaka sungusungu warudi aseme anataka kipi kati ya hivyo viwili.

Tunayoyaamini kwa sababu yanaingia akilini

"Watishwe, wataacha." Marekani tangu miaka ya 1960 walikuwa na mipango ya kuwapeleka vijana watundu magerezani, wakutane na wafungwa wa vifungo virefu, wapigiwe kelele, waone mwisho wao ulivyo. Wazazi waliipenda, walimu waliipenda, runinga zikaipenda zaidi. Majaribio tisa ya kura yalipokusanywa pamoja, ikaonekana vijana waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa nyumbani. Hawakuishia kutobadilika, waliharibika zaidi. Huu ndio mfano ninaoukumbuka kila nikisikia mtu anasema "hata isiposaidia, haidhuru". Inaweza kudhuru.

"Adhabu iwe kali, watanyooka." Tafiti nyingi za masuala ya adhabu zinaelekea upande mmoja: kinachomzuia mtu ni uwezekano wa kukamatwa, hasa kukamatwa upesi, kuliko urefu wa kifungo. Kijana anayevizia bodaboda saa sita usiku hapigi hesabu ya miaka kumi na mitano au thelathini. Anapiga hesabu moja: hapa nitaonekana? Kuhusu adhabu ya kifo, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za miongo mitatu na kutoa hukumu mwaka 2012 kwamba haziwezi kutumika kusema inapunguza mauaji, inaongeza, au haifanyi kitu.

"Kamata wote, wasio na hatia wataachiwa." Aprili 2014 polisi wa Kenya waliendesha msako wa kuwatafuta magaidi Eastleigh, Nairobi, wakakamata maelfu ya watu, wengi Wasomali, na kuwajaza katika uwanja wa Kasarani. Miaka mitatu baadaye Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, likachapisha utafiti uliowahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya siasa kali katika nchi za Afrika, Kenya na Somalia zikiwemo. Waliulizwa tukio gani liliwasukuma hatua ya mwisho. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Hayo ni maelezo ya wahusika wenyewe, na mtu hujitengenezea kisa kinachompendeza, kwa hiyo yasomwe kwa tahadhari. Ila asilimia 71 si ya kupuuzwa. UNDP waliporudia kazi hiyo na kutoa ripoti mwaka 2023, robo ya waliojiunga kwa hiari walisema sababu kuu ilikuwa kupata kazi, na waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Hilo linapingana na mazungumzo ya vijiweni, ambako kila kitu huanzia na kuishia msikitini.

Upande wa wananchi wenye hasira kali kuna utafiti mmoja wa Afrika Kusini unaostahili kujulikana. Baadhi ya kaya, kwa kura, zilifungiwa kengele ya dharura inayowaita polisi na kuwaonyesha nyumba ilipo. Kaya hizo zikawa tayari zaidi kuwategemea polisi, na hamu ya kumalizana na mwizi kwa mawe ikapungua. Ajabu ni sababu. Haikuonekana kwamba huduma imekuwa nzuri. Watu waliona polisi sasa wanaweza kufika, na wakifika watawakuta na mawe mkononi.

Sehemu chache, watu wachache

Turudi kwenye doria. Mwaka 1989 watafiti waliopitia simu za mwaka mzima zilizopigwa polisi katika mji wa Minneapolis, Marekani, walichapisha kwamba nusu ya simu zote zilitoka katika asilimia 3.3 tu ya anwani za mji. Kumbe uhalifu haukai mtaani kote. Unakaa kwenye kona, kituo fulani cha basi, baa fulani, uchochoro fulani. Muuza chipsi wa eneo lako anaweza kukutajia sehemu hizo bila kufikiri. Polisi wa Minneapolis walipoelekeza doria kwenye kona hizo, zilizochaguliwa kwa kura kati ya 110, fujo zikapungua. Wala haikuhitajika kukaa kutwa: kusimama dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kuondoka na kurudi saa isiyotabirika, kulikuwa na faida kubwa kuliko kupita mara moja kwa mwendo wa gari.

Papo hapo utaulizwa: si watahamia mtaa wa pili? Tafiti nyingi za Marekani zinaonyesha hawahami sana, na mara nyingi mitaa ya jirani nayo hutulia kidogo. Lakini Bogotá, Kolombia, mwaka 2016, walipojaribu jambo hilo kwenye mitaa 1,919, wizi wa mali ulionekana kusogea kando, huku makosa makubwa ya ukatili yakielekea kupungua. Nadhani inaeleweka. Anayeiba simu kwa riziki atatafuta kona nyingine, ila ugomvi wa baa ukizimwa hauhamii baa ya pili.

Mwanga nao umepimwa. New York waliweka minara ya taa kuzunguka makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa kura, na makosa makubwa yanayofanyika nje usiku yakapungua kwa takriban asilimia 36. Taa haihamishwi kituo. Haihitaji kiongozi mpya kuielewa.

Kisha kuna watu. Kama kona ni chache, wakorofi nao ni wachache, na hapa ndipo penye utafiti ninaouona wa thamani kuliko yote niliyoyataja. Monrovia, baada ya vita vya Liberia vilivyokwisha mwaka 2003, ilijaa wanaume waliokuwa wanaishi kwa wizi, unyang'anyi na kuuza dawa za kulevya, baadhi yao wapiganaji wa zamani. Watafiti wakawapata 999 kati yao, wale hasa ambao kila mtu aliwakwepa, wakawagawa kwa kura makundi manne. Kundi moja walipata mafunzo ya saikolojia ya wiki nane. La pili walipewa dola 200 taslimu. La tatu vyote viwili. La nne hawakupata chochote.

Mafunzo yenyewe hayakuwa mahubiri. Walikutana kama ishirini hivi, mara tatu kwa wiki, saa nne kila kikao, na waliowaongoza walikuwa wanaume waliopitia maisha hayo hayo wakatoka. Walifundishwa kuitambua hasira kabla haijafika mikononi, kupanga jambo la wiki moja kisha la mwezi, kujitazama kama watu wengine. Kisha wakapewa mazoezi ya kwenda kufanya mtaani. Nyoa nywele, vaa shati safi. Ingia benki, uliza namna ya kufungua akaunti. Ingia duka kubwa, tembea taratibu, toka. Kwa mtu aliyezoea mlinzi kumfukuza akiwa bado mita kumi, kuingia benki na kuitwa bwana ni jambo la kutia hofu kuliko rungu. Walirudi kwenye kundi na kusimulia ilikuwaje, wengine walifukuzwa, wakajadili kwa nini, wakarudi tena.

Mafunzo peke yake yalisaidia, kisha nguvu ikaanza kufifia baada ya mwaka. Fedha peke yake zilipunguza umaskini wiki chache tu na zikaisha, wala hazikuzaa biashara. Hilo wanaosema "wapeni mtaji tu" walizingatie. Vyote viwili pamoja ndivyo vilivyodumu. Watafiti walirudi baada ya miaka kumi, na waliopata mafunzo na fedha bado walikuwa wanafanya uhalifu na ukatili kwa takriban nusu ya wenzao wa kundi la nne. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zile dola ziliwapa miezi michache ya kuishi kama mtu mwingine, wakaizoea hiyo sura mpya kabla njaa haijawarudisha. Gharama ilikuwa kama dola 530 kwa mtu. Linganisha na gharama ya kumlisha na kumlinda mahabusu mmoja anayesubiri upelelezi ukamilike.

Je, tuuchukue mpango huo tuuweke Mburahati au Majengo kesho? Hapo ndipo neno "mbinu bora" linapotupoteza. Monrovia ilitoka vitani. Waongozaji walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka kabla ya watafiti kufika. Vijana wa panya road wengi ni wadogo zaidi, wana nyumbani kwa mama, wanatembea kwa makundi makubwa na si mmoja mmoja. Ukinakili ratiba ya wiki nane na kuwapa maafisa wa semina wasiowahi kulala kijiweni, umenakili karatasi. Unachoweza kukichukua ni wazo: wachache, waliochaguliwa kwa ukorofi wao na si kwa uungwana wao, wakifanyiwa kazi kwa karibu na mtu wanayemheshimu. Miradi yetu mingi ya vijana hufanya kinyume. Wanaojaza fomu ni vijana wazuri, na mkorofi hata tangazo halimfikii.

Pingamizi la mwisho ninalolisikia ni kwamba kupiga kura kwenye mambo ya usalama ni ukatili, vipi mtaa mmoja upate na mwingine ukose? Lakini mtaa mwingine tayari unakosa. Hakuna halmashauri yenye fedha za taa kwa mitaa yote mwaka huu, na leo anayepata ni mwenye diwani mwenye sauti. Wala kura si ugeni kwetu. Wakati TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, wanajaribu ruzuku kwa kaya maskini Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80 viliingia kwenye kura, 40 vikaanza, vingine vikasubiri, na kwa njia hiyo ikajulikana ruzuku inafanya nini na haifanyi nini kabla ya kusambazwa nchi nzima. Halmashauri yenye taa 60 na kona 120 za giza inaweza kufanya hivyo hivyo: kuziorodhesha kona kwa kuwauliza bodaboda na wauza chipsi, kuipiga kura hadharani mbele ya wenyeviti wa mitaa, kisha baada ya miezi sita kugonga milango pande zote mbili na kuuliza nani ameporwa. Kona zilizokosa zikae mwanzo wa foleni ya bajeti inayofuata, endapo taa zitaonekana zimesaidia.